Pombe Iliyokaa Ndani ya Kibofu

Béata alikuwa mke wa Nsabimana, mchoma makaa wa Kibati, kaskazini ya Goma. Mwaka 1956 walipika kanyanga, pombe kali ya ndizi, lakini hawakuwa na chupa. Béata akaosha kibofu cha ng'ombe kilichokauka, akamimina pombe humo, akakifunga vizuri na kukitundika juu ya jiko.

Wiki tatu baadaye, Henri, kaka yake Nsabimana, alikuja kusalimia. Mchana ule alikunywa vikombe vitatu vidogo vya kanyanga ile, kipimo chake cha siku zote. Njiani kurudi kwake akaanguka. Mvua baridi ikamnyeshea. Jioni walimkuta amekufa.

Mkewe Henri, Mukabalisa, alilia mbele ya watu.

"Béata, uliweka nini mu ile pombe? Vikombe tatu haviuwi mutu!"

"Mama, sikuweka kitu!"

Hakuna aliyemsadiki. Njiani wanawake walimpisha bila salamu, na hakuna aliyekula tena chakula chake. Nsabimana mwenyewe alihamia chumba kingine. Béata akakonda.

Ndipo muuguzi wa dispanseri, Célestin, alipokuja kuuliza juu ya kifo kile.

"Mama, ile pombe mulichunga mu nini?"

"Mu kibofu cha ngombe, Papa."

Célestin alitazama juu ya jiko, pale kibofu kilipotundikwa. Kisha akaomba kanyanga mpya. Nusu aliitia katika chupa yenye kizibo, nusu katika kibofu kingine, akavitundika vyote juu ya jiko.

Baada ya wiki tatu aliwaita ndugu wote. Kibofu kilikuwa kimenywea, ingawa hakikuvuja hata tone. Célestin alimimina kidogo kutoka kila chombo, akawasha kiberiti. Pombe ya chupa haikushika moto. Ya kibofu iliwaka, moto wa buluu.

"Hii ngozi inachagua," alisema. "Maji inapita polepole, inakauka inje. Kileo hakipite sana, kinabakia ndani. Kikombe ni kile kile, lakini nguvu imezidi. Hakuna mutu aliweka sumu. Muchunge mu chupa ya kufunga. Na mutu akilewa, musimuache kwenda peke yake."

Nsabimana alikitupa kibofu motoni. Kibati nzima wakaanza kutafuta chupa.

Lakini Henri hakurudi. Béata alijua kwamba mikono yake ndiyo iliyokifunga kibofu kile.

Asubuhi moja Mukabalisa aliingia jikoni kwa Béata, akaketi.

"Nipe chakula," alisema.

Béata akampakulia maharage. Mukabalisa akala yote, machozi yakimtiririka.