Mkanda wa Mama Daxa

Rafiki yetu Beatrisi wa Mnyuzi alifuata mafuta ya taa Korogwe, dukani kwa Mama Daxa, akakaribishwa sebuleni kutazama tena mikanda ya video ya mchezo wa Kizungu. Mapazia mazito yalifungwa. Kwenye televisheni, mume katili alipobisha, mke alimfungulia, na Beatrisi akasonya.

"Usifungue, zuzu wewe. Hata kuku ana akili kukuzidi."

Mama Daxa akacheka, akaurudisha mkanda nyuma, akaenda dukani kupima mafuta. Safari hii mke aliachia kitasa, akageuka kumtazama Beatrisi. Umeme ukakatika. Gizani mlango ukaendelea kubishwa, polepole, na sasa ulikuwa mlango wa sebule. Beatrisi akainuka akamfungulie Mama Daxa.

Ndani ya televisheni iliyozimika, mtu akasonya.

"Usifungue," akasema kwa Kiswahili. "Zuzu wewe."