Nani Amegusa Kalori Zangu?

"Umekata vibaya, Bi Lorraine. Kubali tu."

Janelle alikuwa mbele ya kioo, gauni la harusi limembana mgongoni, zipu imegoma nusu ya njia. Zilibaki siku tisa. Bi Lorraine, fundi aliyewashonea nusu ya mabibi harusi wa mji ule mdogo wa Wisconsin, alitoa pini mdomoni.

"Nimekupima mara mbili, binti yangu. Uko vilevile kama Machi. Wewe ndiye uliyeniambia nilishone dogo, kwamba utapungua."

"Na nimepungua. Miezi miwili sasa nakula kalori elfu moja na mia mbili kwa siku. Saa hii ya mkononi inanihesabia kila tonge ninaloliandika. Sasa nani mwongo, saa au mkasi wako?"

Bi Lorraine alikaa kwenye kiti cha cherehani, macho yakamlowa.

Janelle akachukua simu amwonyeshe ushahidi. Siku zote alikuwa akiangalia duara la kwenye saa tu: likiwa la kijani anakula, likigeuka jekundu anafunga mdomo. Leo akafungua mipangilio yenyewe.

*Lengo la siku: kalori 1,900.*

Akasoma tena. Aliyemuunganishia ile saa na simu, na kujua namba ya siri ya simu yake alikuwa mmoja tu, mchumba wake. Akampigia palepale.

"Darrin, umegusa lengo langu la kalori?"

Mashine za kukamulia ng'ombe zilikuwa zikinguruma upande wa pili.

"Darrin."

"Nimegusa."

"Lini?"

"Wiki ya pili. Ulipoanguka mlangoni ukasema umeteleza. Janelle, ng'ombe wangu wote wana kola za vipimo shingoni, kila asubuhi nasoma kwenye simu nani amekula na nani hajala. Ng'ombe akipunguza kula vile ulivyopunguza wewe, namwita daktari. Kwa hiyo nikakupandishia..."

"Ukanipandishia chakula kama ng'ombe."

"Sikuwa na maana hiyo."

"Una ng'ombe wangapi zizini?"

"Themanini."

"Basi chagua mmoja umuoe."

Akakata. Ndipo Janelle akakumbuka nani amekaa nyuma yake. Uso ulimwaka mpaka masikioni. Mama wa miaka sitini na kitu, amemwita mwongo.

"Bi Lorraine, sijui niseme nini."

"Vua kwanza, utalichana."

Simu ikalia. Ujumbe wa Darrin: *Nakuja.*

Akajibu: *Usije. Sijui hata kama kuna harusi.*

Alikuja hivyo hivyo, na mabuti ya zizini, akasimama nje ya mlango wa fundi akiogopa kuchafua zulia. Janelle akamfuata nje.

"Miezi miwili unaniangalia najisifu kwako, unajua namba si yangu. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeniuliza kama najua kwa nini ulianza."

"Unajua?"

Darrin akaangalia mabuti yake.

"Ile Ijumaa kwenye baa, tulipokwenda kula samaki na wazazi na ndugu zangu. Nilisema ukimaliza sahani ile itabidi Bi Lorraine akushonee turubai."

Janelle alikuwa na hakika Darrin amesahau.

"Watu walicheka," Darrin akaendelea. "Na wewe ulicheka. Ila ulirudisha uma mezani, na tangu siku hiyo sijakuona ukimaliza chakula. Kila asubuhi nilijiambia leo nitamwomba radhi. Naona aibu, naahirisha. Kubadilisha namba kulikuwa rahisi. Namba haikuangalii machoni."

"Mimi nilicheka kwa sababu niliona aibu kulia mbele ya mama yako."

"Najua. Nisamehe."

"Hapana, hapa hakuna anayetusikia. Ulisema mbele za watu. Kama unanitaka, nenda ukalifute neno hilo mbele za watu walewale."

Akarudi ndani kumsaidia Bi Lorraine kufumua mishono ya ubavuni. Walikubaliana kuongeza kitambaa kila upande. Hakuna aliyezungumzia mkasi.

Ijumaa ikafika. Baa ileile, meza ileile, ndugu wawili, baba na mama. Janelle alikuwa amejiambia kwamba sahani zikiisha Darrin hajafungua mdomo, anamrudishia pete. Samaki wakaletwa. Darrin akasimama, masikio mekundu.

"Kuna kitu nilisema hapa kuhusu Janelle na turubai. Ulikuwa upumbavu. Uliniponyoka, kisha nikaogopa kuomba radhi, nikaanza kumdanganya. Naona aibu."

Kurt, kaka yake Darrin, akacheka. "Kaa chini bwana, nani anakumbuka hayo?"

"Yeye anakumbuka," Darrin akasema. "Na mimi nakumbuka."

Kicheko kikamfia Kurt mdomoni. Mama yao akaweka uma chini.

"Na mimi nilicheka siku ile," akasema polepole. "Nisamehe, mwanangu."

Meza nzima ilikuwa ikimtazama Janelle, na hakujua aweke wapi mikono. Darrin bado alikuwa amesimama, anangoja kama mtu aliyeitwa mahakamani. Janelle akamvuta shati.

"Kaa, Darrin. Samaki anapoa."