Picha Iliyokuja Imelala

Maziwa ndiyo yalianza. Loice, mpishi wa nyumba ya Jagdish, aliyachemsha asubuhi yakiwa mazima, na mchana huo huo ukitia kijiko unavuta uzi mweupe kama kamasi. Akayamwaga, akasugua sufuria kwa majivu, akasema ng'ombe za siku hizi zinakula karatasi. Hakuna mtu alifikiria redio.

Hii ilikuwa 1999. Jagdish alikuwa na duka la mabati na misumari mjini Kisii, na aliishi orofa ya juu na mke wake Shanta na binti yao Janki, mtoto wa miaka sita. Jumapili duka likifungwa, na mvua ya alasiri ikipiga paa, Jagdish alikaa na redio yake. Alikuwa na leseni ya kuongea hewani na watu wa nchi za mbali, na sasa alikuwa amenunua kompyuta yenye kadi ya sauti. Mtu wa mbali anageuza picha kuwa mlio, redio inaushika, kadi inausikia, na programu inachora picha kwenye skrini, mstari chini ya mstari, polepole kama mtu anasuka mkeka.

Jumapili iliyotangulia maziwa kuharibika, mlio mmoja uliingia bila jina. Watu wa redio hutanguliza jina la kituo. Huyu hakutanguliza kitu. Picha ikaja imelala upande, kama mgomba uliopigwa na upepo, na rangi yake ilikuwa ya usaha.

"Kadi yangu ndiyo mbaya," Jagdish alimwambia mke wake. "Inatakiwa ikate sauti vipande elfu kumi na moja na ishirini na tano kwa sekunde. Hii inakosea kidogo. Ni kama kukata muwa, kila pingili ikipungua kidogo tu, mwisho wa muwa umepotea kabisa. Basi kila mstari unaanza mahali si pake, na picha inalala."

"Iache ilale," Shanta alisema. "Inanuka."

"Picha hainuki."

"Hii inanuka, Baba Janki."

Lakini watu wa redio wana adabu yao. Ukimsikia mtu unamjibu, unamwambia umempata vipi, unamrudishia picha yako. Kunyamaza ni kama kumpita mgeni mlangoni bila salamu. Jagdish akatuma ile picha aliyozoea kuwatumia wote, ya Janki amevaa nguo ya sikukuu ya Diwali, anacheka, meno mawili ya mbele yameng'oka.

Maziwa yalipoharibika, Janki naye akaanza kukataa chapati. Alisema zina nywele. Loice alizipasua akatafuta, hakuona kitu. Ndipo mtoto akatia vidole mdomoni akavuta, ukatoka unywele mrefu, mweusi, umelowa mate mazito, na akiendelea kuvuta ukaendelea kuja, mpaka Shanta akageuka ukutani akatapika.

Janki akawa hali chochote. Mashavu yakaingia ndani. Dawa za hospitali alizirudisha zikiwa na vipande vya kitu kama ini.

Jumapili iliyofuata mlio uliingia tena, na Jagdish, ambaye sasa aliushuku mlio huo na alitaka kujua ni nani huyo anamla mtoto wake, alishika ile namba ya vipande vya sauti kwenye programu akaanza kuirekebisha, kidogo, halafu kidogo tena, na kila akirekebisha picha iliinuka kidogo, na kila ikiinuka harufu ilipanda, harufu ya panya aliyefia ndani ya gunia la unga, mpaka picha ikasimama wima kabisa na akaona ni Janki, kwa nguo yake ya Diwali, na nyuma ya Janki kitu kisicho na ngozi, kimebandika midomo minene kwenye kisogo chake, kinanyonya kama ruba, na midomo ilikuwa inatembea, ingawa picha za redio hazitembei.

Loice alienda Ekerenyo akarudi na Orpah, mganga, mwanamke mnene mwenye kibuyu na mwavuli. Orpah aliziba pua kwa leso mlangoni.

"Nani aliitikia?" aliuliza.

"Mimi," Jagdish alinong'ona.

"Ukakipa nini?"

"Picha ya mtoto."

"Aiya. Halafu?"

"Nikainyoosha. Nilitaka kuona."

"Kitu kimelala huko kwao, wewe unakisimamisha kwa nyumba yako." Akamkalisha Janki sakafuni mbele ya kompyuta, ile picha bado imesimama kwenye skrini, akammwagia maji ya majani kisogoni. "Sikiza, Mzee. Nikikitoa kwa mtoto kitarudi kwa picha. Hapo ndipo ukilaze, ukilaze mpaka kisisimame tena. Ngoja mpaka niseme."

Akaanza kukanda shingo ya mtoto. Na kwenye skrini midomo ile ikaanza kubanduka, polepole, ikiacha utando wa kamasi unaovutika na kukatika na kudondoka, na kitu kikainua uso wake usio na macho kikamtazama Jagdish, kikajilamba, na Jagdish hakuweza kuvumilia kinyaa hata pumzi moja zaidi, akaiharibu ile namba yote.

Picha ikaanguka upande. Harufu ikakatika. Janki akasema, "Mama, nataka chapati."

Shanta alilia kwa furaha. Orpah alimtazama mtoto, akafunga kibuyu chake.

"Nilikuambia ungoje," alisema, na hakukubali hata chai.

Janki alikula zote. Anakula mpaka leo. Lakini anakaa amelala upande, bega moja chini, kichwa kimefuata bega, na daktari amesema mgongo wake hauna shida.

"Mzee," Loice alimnong'oneza Jagdish, "mwache tu hivyo. Usimnyooshe."

Redio iliuzwa. Halafu alasiri moja, mvua ikipiga paa, Janki akiwa mezani anatafuna, Jagdish alisahau onyo la Loice. Aliinamisha kichwa kidogo, kama baba yeyote anayetaka kumtazama mtoto wake machoni, mpaka uso wake ukalala sawasawa na wa mtoto, naye akamwona amenyooka.

Janki akaacha kutafuna. Akamchekea. Na kwenye lile pengo la meno ukatoka unywele mmoja, mrefu, umelowa, ukajipinda juu ya meza ukimtafuta.