Viti Viwili vya Daktari Fabiano

Kila siku alipotoka shuleni, Loy alipitia soko la Busia kumsaidia nyanyake kuanua dagaa. Nyanya Akongo alikuwa na meza yake karibu na barabara ya malori yaendayo Kenya, na wateja walimjua kwa ulimi mkali na kipimo kisichopunja. Mwaka huo alikuwa akiugua kifua kikuu. Kituo cha afya kilimwandikia vidonge vya miezi sita, naye alivimeza kila alfajiri huku akinung'unika kwamba vinamsokota tumbo na kumfanya akojoe mkojo mwekundu. Hata hivyo, kufikia mwezi wa tatu kikohozi kilikuwa kimetulia, na Nathan, mdogo wake Loy wa miaka minne, alikuwa akilala na nyanya kitanda kimoja bila kuamshwa usiku.

Hapo ndipo alipokuja Fabiano. Alisimamisha hema hatua chache kutoka kwenye meza ya dagaa, akavaa koti jeupe na kujiita daktari. Ndani ya hema aliweka ubao mpana uliowaka taa kwa nyuma, na ndani ya ubao huo mapafu ya mtu yalionekana yamejitokeza kana kwamba ungeweza kuyashika. Mgonjwa aliketishwa kwenye kiti cha kushoto, akaona mapafu yaliyojaa madoa meusi. Alinunua chupa ya dawa, akarudi baada ya wiki moja na kuketishwa kwenye kiti cha kulia. Lo, mapafu yalikuwa meupe pe! Watu walitoka humo wakimshukuru Mungu.

Siku moja Fabiano alipokwenda kula, Loy na rafiki yake Prossy walijipenyeza hemani. Prossy alikaa kushoto, Loy akakaa kulia.

"Hii mapafu imeoza," Prossy alisema.

"Imeoza wapi? Mbona iko safi?"

Walibishana nusura wakunjane mashati, kisha wakabadilishana viti. Sasa Loy ndiye aliyeona madoa. Waliupapasa ubao, wakakuta una mistari myembamba sana, na kila waliposogeza kichwa picha moja ilijificha na nyingine ikajitokeza. Haikuwa mashine ya kupima mtu yeyote. Zilikuwa picha mbili zilizowekwa katika ubao mmoja.

Fabiano aliwafuma humo humo. Hakuwapiga, bali aliwauliza kwa upole wanapenda kitu gani cha sokoni. Kesho yake Prossy alipata mkoba, na Loy, aliyechekwa darasani kwa viatu vilivyotoboka, akapata viatu vyeusi vya shule. Alimwambia nyanyake kwamba amezawadiwa na mwalimu, na uongo huo ulimtoka kwa urahisi ajabu.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini jirani mmoja alimshawishi nyanya Akongo, na nyanya, aliyechoshwa na vidonge, akaenda hemani bila kumwambia mtu. Wiki iliyofuata alirudi huko na Loy ili mjukuu ashuhudie. Aliketi kwenye kiti cha kulia, akautazama ubao, na machozi yakamlengalenga.

"Mungu amenikumbuka," alisema. "Nimepona."

Loy alifungua kinywa. Fabiano alimtazama usoni, kisha akaviangalia viatu vyake taratibu, na Loy akafyata ulimi. Jioni hiyo nyanya alivitupa vidonge vilivyobaki chooni huku mjukuu wake akimwangalia. Nasema wazi, Loy alijua, na alinyamaza.

Miezi miwili haikupita kabla kikohozi hakijarudi kwa kishindo. Nyanya alikonda mpaka nguo zikamning'inia, na asubuhi moja akatema damu. Alipelekwa hospitali kubwa ya Tororo, ambako muuguzi mmoja, Sista Amulen, alimuuliza kwa nini aliacha dawa.

"Nilijionea na macho yangu, sista," nyanya alijibu kwa shida. "Mapafu ilikuwa safi."

Loy hakuweza kuvumilia tena. Alipiga magoti kando ya kitanda akaeleza yote, ya viti, ya ubao na ya viatu. Nyanyake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukuta.

Kesho yake Sista Amulen alikwenda sokoni na Loy, wakamkuta Odoi, mwenyekiti wa soko, wakaingia naye hemani. Fabiano alifoka kwamba mtoto huyo ana wazimu. Loy alimwomba sista akae kushoto na mwenyekiti akae kulia, kwa wakati mmoja, watu wakiwa wamejaa mlangoni.

"Sista, unaona nini?"

"Madoa meusi."

"Na wewe, mwenyekiti?"

"Naona meupe," Odoi alisema. "Mke wangu aliketi hapa hapa, akaacha dawa. Tulimzika kijijini Mukuju mwezi uliopita."

Polisi walimchukua Fabiano na ubao wake, lakini hawakuweza kumrudisha aliyezikwa.

Nyanya Akongo hakufa. Ilimbidi aanze matibabu upya, tena ya muda mrefu zaidi, na vipimo vilionyesha kwamba Nathan naye ameambukizwa. Loy alipomwomba msamaha, nyanya alimgeukia.

"Yule mwanaume simjui," alisema. "Wewe nimekulea. Ungesema neno moja tu, ningekuamini wewe, ningeacha ile ubao."

Loy alilia kwa kwikwi. Sista Amulen alimwacha alie, kisha akamwekea mkononi kadi mbili za matibabu, ya nyanya na ya Nathan.

"Anayemwona mwenzake akidanganywa na kunyamaza amemsaidia mwongo," alimwambia. "Machozi yako hayatawaponya hawa. Kila asubuhi wasimamie wakimeza dawa, halafu uandike ulichokiona."

Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, Nathan alitema kidonge chake mchangani. Nyanya, akimhurumia mtoto, alimwomba Loy aandike tu kwamba amemeza. Loy aliandika kwamba ametema, akamshika mdogo wake mkono, na wakaanza safari ya kwenda kwa sista.