Kompyuta Ndani ya Kiroba

Prado nyeupe ilikuwa nyuma yake tangu Ipogolo.

Asukile alikanyaga mafuta. Subaru Forester ikapanda mlima wa kwenda Kilolo ikirusha matope kama ina ugomvi nayo. Kiunoni, bastola ya Glock. Kiti cha pembeni, mfuko wa maandazi. Jasusi naye anakula.

Redio ikakoroma.

"Tai Mmoja, mchele umetoka kinuni. Narudia, mchele umetoka kinuni."

Ilikuwa sauti ya Liberatus, fundi mitambo wa idara, ofisini Mbeya. Maana yake ni kwamba lori lenye pembe za ndovu chini ya magunia ya mchele lilikuwa limeondoka Rujewa. Kufikia jioni lingekuwa Tunduma. Likivuka mpaka, basi tena.

"Lori lipi?"

"Yametoka malori arobaini, kaka. Tukipekua lisilo lenyewe, watapigiana simu na mzigo utarudi porini. Namba iko huko unakokwenda."

Asukile akakata kushoto ghafla, akaingia njia ya wakata mbao kati ya mipaini. Bondeni palikuwa na tope. Subaru ikaserereka, ikatoka. Prado ikafuata.

Prado ni gari zuri sana. Kwenye lami.

Kwenye kioo aliwaona wanaume wawili wakishuka na viatu vya ngozi, tope likawafika magotini. Hakucheka. Siku nyingine angecheka, halafu angempigia Sosthenes amsimulie.

Sosthenes alizikwa siku tatu zilizopita.

Kwa miezi sita Sosthenes alijifanya msimamizi wa mashine ya kukoboa mpunga, Rujewa. Tarehe kumi na saba, akirudi kwao Kilolo, gari lake lilisukumwa nje ya barabara karibu na Makambako. Waliomuua walibeba simu, walibeba begi. Kiroba cha mchele wakakiacha. Nani anaiba mchele wa kilo kumi?

Jana wanawake walikifungua kiroba hicho wawapikie waombolezaji. Ndani, kwenye nailoni, kulikuwa na kompyuta.

"Kamwene, shemeji," Asukile alisema mlangoni.

Evarista, mjane, alikuwa ameketi kwenye mkeka. Nje, mashati yote ya marehemu yalining'inia kwenye kamba, yamefuliwa.

"Kamwene. Mazishini hukuja."

"Kazi, shemeji."

"Na yeye alikuwa anasema hivyohivyo."

Asukile akachomoa redio ya mkononi. Akaketi mezani. Dell ya Sosthenes iling'aa kama ya dukani.

Akaandika: Evarista2707.

*Neno la siri si sahihi.*

"Caps Lock?" Liberatus aliuliza redioni.

"Imezimwa."

"Umezima mashine ukaiwasha?"

"Mimi si bibi yako, Liberatus."

"Bibi yangu angekuwa ameshafungua."

Akaizima, akaiwasha. Mara ya pili ikakataa. Wakakagua lugha ya kibodi, iko sawa. Mara ya tatu alibofya ile alama ya jicho inayoonyesha ulichoandika, akasoma herufi moja moja. Evarista2707, bila kosa.

Ikakataa.

"Zimebaki mbili," Liberatus alisema, na utani ukamwisha. "Ya tano ikigoma, inajifuta yote. Una uhakika na paswedi?"

Asukile alikuwa ameirekodi simu ile ya mwisho. Akaifungua bila kufikiri alikuwa nyumbani kwa nani.

"Nikikwama," sauti ya Sosthenes ilisema sebuleni, "paswedi ni Evarista, herufi kubwa mwanzo. Halafu siku na mwezi wa ndoa. Mbili saba, sifuri saba. Na usinicheke, wewe Mnyakyusa."

Nje, aliyekuwa anafagia uwanja akaacha kufagia.

Evarista hakulia. Akatoa simu yake chini ya kanga.

"Ya ndoa anaikumbuka. Soma hii sasa. Kanitumia kwa hiyohiyo kompyuta, mwisho wa mwezi."

*Nakuja tarehe 1. Nakuletea mchele. Usininunie.*

"Tarehe moja nikachinja kuku. Nikakaa hapo mlangoni mpaka chakula kikapoa. Hakuja, wala hakusema kitu. Nikazima simu. Mwongo akikuzoea anakutawala, shemeji."

Asukile aliisoma mara mbili. Akaigeukia kompyuta.

"Kompyuta hii mliitoa ikiwaje?"

"Chafu. Imejaa pumba za mashineni. Shangazi zake wakasema kila kitu cha marehemu kisafishwe kabla ya kuanua matanga. Nikaipiga brashi nyuma ya nyumba, vitufe nikavichokonoa kwa sindano."

"Kipi kilikuwa kibaya zaidi?"

Akakigusa bila kusita.

Saba.

"Hiki kilikuwa hakibonyezeki kabisa."

Sosthenes aliandika kwa kidole kimoja, kama kuku anadonoa, macho kwenye vidole. Kwenye skrini haangalii. Mwezi uliopita idara iliwaamuru wote wabadili maneno ya siri. Akabonyeza saba, na saba haikuingia. Vile vidoti havisemi vinaficha nini. Kila siku alibonyeza saba zake hewani na mashine ikamfungulia. Sasa mkewe ameisafisha, saba inaingia, nayo inakataa.

Asukile akaandika: Evarista20.

Ikafunguka.

"Scania nyekundu," alisema redioni, akisoma maelezo aliyoyaacha Sosthenes. "Tela la bluu. Namba inaishia DXK."

Dakika arobaini nzima hakuna aliyegusa chai.

"Tumelidaka Inyala," Liberatus alisema hatimaye. "Pembe sitini na mbili. Na simu ya Sosthenes iko mfukoni mwa dereva." Redio ikakoroma tena. "Wale wa Prado nao wamekamatwa. Walikuwa bado wanasukuma."

Asukile alizima redio. Evarista alikuwa anamtazama.

"Saba ilikuwa haiingii," alisema polepole.

"Haikuwa inaingia, shemeji."

"Kwa hiyo aliandika kumi na saba."

"Aliandika kumi na saba."

"Na kumi na saba alikuwa anakuja."

"Na mchele wako."

Evarista akahesabu kwa vidole, akarudia.

"Siku kumi na sita nilizima simu."

Asukile alisimama. Akaweka kompyuta kwapani, akatembea hadi kwenye gari bila haraka, kama majasusi wanavyotembea kazi ikiisha. Akavaa miwani ya jua. Jua halikuwepo.

Alipowasha gari, kwenye kioo alimwona Evarista nyuma ya nyumba, ameinama pale alipokung'utia zile pumba jana. Alikuwa anawasogeza kuku kwa mkono, taratibu, anapapasa ardhi.

Kuku walikuwa wameshamaliza.