Bangili za Sugni

— Vua bangili, Latif alisema, akichungulia wageni kupitia pazia. — Maikrofoni zitazinasa.

Sugni alidhani hakusikia vizuri. Mikono yake ilikuwa tayari juu ya ngoma.

Jamani, kuna watu wana uso mkavu! Korona ilipofunga harusi zote za mji wetu wa Jaisalmer, huku India, matajiri waliozoea kutulisha sisi waimbaji wao hawakupokea hata simu. Latif alikula kwa mama yake Sugni. Wimbo alitungiwa na Sugni, ngoma akapigiwa na Sugni pale uani, maana jukwaa kwetu ni la wanaume. Video ya simu ikamwonyesha Latif peke yake. Wimbo ukaenea, na watu wakaupendea ule mlio wa bangili kila ngoma ilipolia. Wakiuliza, Latif aliwajibu ni mitambo ya studio. Sugni akanyamaza, kwa sababu aliahidiwa ndoa njia zikifunguliwa.

Njia zilifunguliwa. Leo Latif aliitwa kwenye harusi ya watu wazito, akamficha Sugni nyuma ya pazia.

— Yule anayekupungia mkono ni nani?

Latif akaliachia pazia.

— Mchumba wangu. Baba yake ndiye anayetoa kazi za harusi mji mzima. Wakijua anayepiga ni mwanamke, nimekwisha. Elewa, Sugni.

Sugni akazitazama bangili zake. Hakulia.

— Kwetu mwanamke huvua bangili akifiwa na mume.

— Usianze maneno. Ni wimbo mmoja tu.

Akazivua zote, kutoka kiwiko mpaka kiganja, akamkabidhi. Latif akazitumbukiza mfukoni, akatoka anatabasamu.

Akaimba mstari wa kwanza, akasubiri ngoma. Kimya. Akaimba tena, mguu ukitafuta mapigo, na mfukoni bangili zikaanza kulia. Maikrofoni ikazinasa zote. Watu wakashangilia, ndio mlio wenyewe! Mchumba hakushangilia. Alisimama, akamtia mkono mfukoni mbele ya baba yake.

— Hizi za nani?

Mkwe akaondoka na binti yake.

Sugni alikuwa njiani, ngoma kwapani, ujumbe wa Latif ulipoingia kwenye simu yake.

"Rudi, nakuomba. Nitawaambia wote ni wewe."

Akajibu:

"Siwezi. Nimeanza eda leo."