Damu Tuliyotoa kwa Hiari Ikavunja Ndoa ya Binti Yangu

Nina miaka arobaini na sita, mkulima wa korosho na mhogo hapa Mkunya, wilayani Newala. Nina mume, na binti mmoja aliyebaki, Neema. Wasomaji wenzangu, haya nimeyaweka moyoni muda mrefu. Leo nayatoa!

Mwanangu wa kwanza, Yohana, alifariki akiwa darasa la pili. Alikuwa mtoto wa kulia mifupa inamuuma, wa kuongezewa damu, wa kulazwa kila mara. Hakuna aliyetueleza kilichomuua, basi watu wakajisemea... wakasema bibi yake ndiye aliyemla. Mama mkwe wangu akazeeka na tuhuma hiyo!

Kwa hiyo watafiti walipokuja kwenye kata yetu kuomba damu na taarifa zetu za afya, zihifadhiwe miaka mingi ili wachunguze magonjwa ya kurithi, nilikuwa wa kwanza kukubali. Wengi waligoma. Walisema damu inakwenda kuuzwa. Mimi nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwabembeleza, nikiapa kwamba ni siri. Sisi tulikwenda wote: mimi, mume wangu, Neema na mama mkwe.

Mama mkwe Kiswahili hakimpandi vizuri, hivyo Mama Stella, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, akakaa naye kumtafsiria Kimakonde. Mama Stella ni rafiki yangu, tunaimba wote kwaya. Tulipomzika Yohana, ndiye aliyenishikilia nisianguke. Ningemtilia shaka vipi?

Majibu yakaja, nesi wa watafiti akatusomea, Mama Stella akiendelea kutafsiri. Mimi na mume wangu sote tumebeba vinasaba vya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na nesi akasema huenda ndiyo iliyomchukua Yohana. Mama mkwe alifunika uso kwa kanga, akanong'ona kitu. Mama Stella akamtafsiria nesi: "Anasema, kumbe siyo yeye."

Kisha nesi akamgeukia Neema. Naye amebeba vinasaba hivyo, lakini siyo mgonjwa. Akashauri mchumba wake apime kabla hawajazaa, maana wakiwa wote wamebeba, mtoto anaweza kuzaliwa mgonjwa. Mama Stella bado alikuwa amekaa palepale... Hakuna aliyemwambia atoke!

Mchumba alikuwa Festo, mwalimu kule Nanganga. Matangazo ya ndoa yalishaanza kusomwa kanisani. Neema akapanga wakutane Masasi Jumamosi, amweleze kwa mdomo wake, wapime pamoja.

Jumamosi haikufika! Alhamisi shangazi yake Festo aliingia uani kwetu. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Mama Neema, sisi hatuchukui damu mbovu," alisema. "Mlitaka tuje kuzika wajukuu?"

Neema alikuwa akimenya mihogo. Aliweka kisu chini, akachukua simu. Alimpigia Festo, akaambiwa nyumbani wamekataa. Basi. Baada ya hapo simu haikupokelewa tena. Mwalimu mzima! Hata kupima tu alishindwa?

Kumbe mama yake Festo na Mama Stella ni mtu na binamu yake. Siku hiyohiyo nilimfuata Mama Stella nyumbani kwake, wala hakukana.

"Yule ni ndugu yangu," alisema. "Ningenyamaza, watoto wangekufa, nani angebeba lawama?"

"Halikuwa neno lako! Neema angemwambia mwenyewe keshokutwa!"

"Na asingemwambia?"

Jamani... rafiki yangu wa miaka yote, anamfanya mwanangu mwongo kabla hajafungua kinywa!

Nikalalamika kwa wanaosimamia utafiti na wahudumu wa afya. Wakaniambia njoo wiki ijayo. Nikaja. Anayeshughulikia yuko safarini. Nikaja tena, nikaambiwa suala langu limepokelewa. Limepokelewa na nani? Mama Stella bado mhudumu, na Jumapili bado anasimama mbele kwenye kwaya.

Watafiti waliporudi, kata nzima iliwafungia milango. Wale niliowabembeleza wananiuliza, "Si uliapa ni siri?" Na kinachonikera kuliko vyote, jirani yangu ana mtoto anayelia mifupa vilevile alivyolia Yohana. Nimemsihi ampeleke hospitali akapimwe. Hataki! Anasema, "Nimeona yaliyompata Neema."

Neema aliomba damu yake itolewe kwenye hifadhi na taarifa zake zifutwe. Ni haki yake, nao wakakubali. Sasa amepanga chumba Masasi, anashona nguo, na habari za posa hataki kuzisikia. Mimi yangu nimeiacha hukohuko, ingawa mume wangu ananiona sina akili. Pasipo hiyo damu, mama mkwe angeingia kaburini akiitwa mchawi.

Wasomaji wenzangu, siwaambii mgome. Toeni! Lakini kabla hamjanyoosha mkono, ulizeni nani ataiona, nani atasikia majibu. Na asiyehusika mwambieni atoke, awe rafiki, awe ndugu. Akinuna, anune! Nanyi mnaopewa siri za miili yetu, nawaomba... zifungeni vinywani mwenu. Kuna mtoto hapa jirani analia sasa hivi ninapoandika, na mama yake anawaogopa ninyi kuliko ugonjwa.